Kitabu cha Mbele

Ukipita Tunduma, kabla hujavuka kwenda Nakonde, utaikuta meza yangu ya vitabu. Mali yangu naipanga kama wenzangu wote: kilichoingia leo kinakaa mbele, cha jana kinasogea nyuma. Magazeti ndivyo yalivyo, hata nyanya ndivyo. Ila kuna kitabu kimoja hakiijui sheria hiyo. Uje mzigo gani kutoka Mbeya, Rosa Mistika hakibanduki kwenye kona ya barabarani.

Mjomba, mwenye mtaji, hapendi kabisa. "Mpwa wangu, pale mbele ni pa kuuzia, siyo pa kuonyeshea mapenzi." Anataka vikae vitabu vya mitihani. Na hesabu yake ina ukweli, bwana. Dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni hupekua mpaka chini, maana hana pa kwenda. Lakini mpita njia mwenye haraka zake anaona kile cha mbele tu, basi.

Sasa ndiyo maana naking'ang'ania. Kezilahabi alikitoa mwaka 1971, kikapigwa marufuku mashuleni. Ni habari ya binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa fimbo na baba mlevi, akaja kuingia duniani bila kuijua. Hapa mpakani mabinti wa rika la Rosa wanauza mayai ya kuchemsha kwenye madirisha ya malori, mpaka usiku. Kitabu kilichowahi kufichwa, nami nikifiche chini ya maswali na majibu?

Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel, na mwaka uliofuata riwaya yake moja ikatoka kwa Kiswahili, Peponi. Nilipoipata, mjomba mwenyewe akaja mbio: "Huyo ndiyo umweke mbele, ana cheti!" Nilicheka. Nikamweka wa pili.

Mimi niliishia kidato cha nne, na nina madaftari matatu ya riwaya yangu chini ya kitanda. Wakati mwingine najiuliza, ikichapwa, nani atanipa kona.

Juzi mjomba amenipa mpaka Jumamosi. Rosa asipouzika, kona inakwenda kwa mitihani. Dada mmoja wa mayai ameshaulizia bei mara mbili. Nakala ninayo hiyo moja tu.