Paa ni la mwenye nyumba, dirisha ni langu

Nimekuwa kimya kidogo. Wiki jana stima ilipotea usiku nikiandika programu ya mteja. Betri ya laptopu yangu imezeeka, ikazima palepale, na kazi ya masaa matatu ikaenda na maji.

Asubuhi nikamwomba mwenye nyumba nafasi ya paneli moja ya sola kwenye paa. Akakataa: paa limejaa matangi ya maji. Mimi ni mpangaji wa ghorofa ya tatu. Nilicho nacho ni dirisha.

Hapo nikakumbuka habari ya mwaka 2008. Watafiti wa MIT, Marekani, wakiongozwa na Marc Baldo, walieleza katika jarida la Science jinsi kioo kinavyoweza kukusanya mwanga. Kioo hupakwa rangi maalum. Rangi hiyo humeza mwanga wa jua, kisha huutoa tena ukiwa wa rangi nyingine. Sehemu kubwa ya mwanga huo hunaswa ndani ya kioo na kusafiri hadi ukingoni, ambako seli nyembamba za sola zinaungojea. Umewahi kuona rula ya plastiki ya rangi ya machungwa inayong'aa? Tazama kingo zake: zinawaka kuliko uso wake. Ni jambo lilelile.

Wazo lenyewe ni la miaka ya 1970. Tatizo ni kwamba rangi humeza tena mwanga iliotoa yenyewe, na kila mara sehemu hupotea. Kikundi cha Baldo kilichanganya rangi zinazopokezana nishati, ili mwanga unaotoka usimezwe kwa urahisi.

Nikapiga hesabu. Jua kali huleta takriban wati 1,000 kwa mita mraba. Mwaka huohuo wa 2008, watafiti wengine walifikia ufanisi wa 7.1%. Hizo ni wati 71, laptopu yangu inatosheka! Lakini kipande chao kilikuwa sentimita 5 kwa 5. Kioo kikiwa kikubwa, mwanga husafiri mbali na kumezwa zaidi. Tena dirisha langu limesimama wima, halipati jua lote. Paneli za kawaida za paani leo hupita 20%.

Basi nimenunua betri mpya. Hata hivyo sijaliacha wazo hili. Nyumba zetu zinaongezwa ghorofa kila mwaka, wapangaji wanazidi, na paa linabaki lilelile moja.

Wewe je, unaishi ghorofa ya ngapi?