Dripu ya Haraka

Nilipoanza uuguzi katika wodi ya watoto, dripu ndiyo iliyokuwa tiba machoni pa kila mtu. Mtoto akiletwa ana homa kali, anahema kwa shida, mikono imepoa, tulitafuta mshipa na kumpa maji ya chumvi kwa kasi. Vitabu vilituelekeza hivyo, na tulichokiona kilituridhisha: saa moja haijaisha, viganja vimepata joto.

Kisha, mwaka 2011, yakatoka matokeo ya jaribio la FEAST lililoongozwa na Kathryn Maitland, lililofanyika Kilifi, Muheza na katika hospitali nne za Uganda. Watoto 3,141 waligawanywa kwa nasibu kwa bahasha zilizofungwa: wa maji ya chumvi ya haraka, wa albumini ya haraka, na wasiopewa maji ya haraka kabisa. Wengi tuliwahurumia hao wa mwisho. Lakini katika saa 48 walifariki asilimia 7.3 yao, na katika makundi mengine mawili asilimia 10.5 na 10.6. Jaribio likasimamishwa kabla ya wakati.

Uchambuzi wa 2013 ndio ulionigusa zaidi. Kweli, baada ya saa moja mzunguko wa damu ulitengemaa zaidi kwa waliopewa maji ya haraka. Hatukuwa tumeota. Hata hivyo ni hao hao waliofariki zaidi baadaye, na tofauti kubwa ilikuwa katika vifo vya moyo na mishipa kushindwa kazi. Kama watafiti wangepima nafuu ya saa ile ya kwanza tu, maji ya haraka yangetangazwa kuwa mshindi.

Ubishi haukukosekana. Wengine walisema malaria na upungufu wa damu ndivyo vilivyoleta tofauti, ila madhara yalionekana pia kwa watoto wasio na malaria. Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani kuhusu maji hayo ulitoka 2016. Miaka mitano ni mingi mno kwa jambo kama hili.

Wapo walioipokea habari hii kupita kiasi. Mwuguzi kijana alisita kumwekea dripu mtoto aliyekauka kwa kuharisha. Nilifungua makala ya FEAST, nikamwonyesha waliotengwa tangu mwanzo: wenye kuharisha, wenye utapiamlo mkali, walioungua.

“Huyu hakupimwa humu, mdogo wangu,” nilimwambia.

Tukatafuta mshipa.