Lenzi ya pili kwa safari ya Iten: mbio na bonde kwa begi moja

MJI wa Iten umekaa ukingoni. Upande mmoja ni mashamba na malisho ya nyanda za juu. Upande wa pili ardhi inakatika ghafla na kuporomoka zaidi ya mita 1,000 hadi Bonde la Kerio. Ng'ambo ya bonde ni milima ya Tugen, Kaunti ya Baringo, safu nyuma ya safu, kila moja ikiwa na rangi hafifu kuliko iliyoitangulia.

Mji huu wa Elgeyo Marakwet, kilomita kama 35 kutoka Eldoret, uko mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Barabarani lipo lango linalomwambia mgeni kwamba amefika nyumbani kwa mabingwa, na si maneno matupu. Katika shule ya St Patrick's alipitia Peter Rono, aliyeshinda dhahabu ya mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Mjini hapa alipitia pia David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 jijini London mwaka 2012. Kocha Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika shuleni hapo mwaka 1976.

Ndiyo maana familia nyingi hupanda Iten wakati wa likizo, hasa zile zenye mtoto anayependa kukimbia. Na ndiyo maana mzazi mwenye kamera hupata shida hapo. Anataka picha ya bonde lote, na pia uso wa mwanariadha anayepita kwa sekunde tatu. Lenzi iliyokuja na kamera haitoshi kwa yote mawili, na pesa ya kununua nyingine ni ileile ya karo, nauli na viatu.

Lenzi ya kwanza inaishia wapi

Kamera nyingi za kubadilisha lenzi zinazouzwa kwa wanaoanza huja na lenzi ya milimita 18 hadi 55. Nambari ndogo huchukua eneo pana. Nambari kubwa huvuta kitu karibu. Kwa milimita 18, mtu aliyesimama juu ya bonde anapata anga, ukingo wa miamba na sakafu ya bonde katika picha moja. Kwa mandhari mapana, lenzi hiyo inatosha kabisa.

Tatizo huanza mbio zinapoanza. Chukua mtoto wa mita moja na nusu anayekimbia umbali wa mita 30. Kwa milimita 55, kamera ikishikwa kwa upana, picha hubeba karibu mita 8 na nusu kutoka juu hadi chini. Mtoto huyo anachukua chini ya sehemu moja kwa tano ya kimo cha picha, na kilichobaki ni nyasi, mawingu na mgongo wa mwalimu. Kwa milimita 200, mtoto yuleyule anajaza karibu theluthi mbili.

Kuikata picha baadaye kwenye simu hakusaidii sana, kwa sababu kinachotupwa ni sehemu kubwa ya picha yenyewe. Hali ni hiyohiyo kwa simu nyingi zinapovuta zaidi ya uwezo wa lenzi zake.

Kwa hiyo kwa familia nyingi, lenzi ya kuongeza ni ndefu ya wastani: milimita 55 hadi 200, 55 hadi 250, au 70 hadi 300. Hizi ni nyepesi. Ile ya Canon ya 55 hadi 250, aina ya STM, ina gramu 375 tu, chini ya pakiti ya nusu lita ya maziwa. Mzazi anaweza kutembea nayo kutwa huku amembeba mtoto mdogo.

Bonde nalo linataka lenzi ndefu

Wengi hudhani mandhari ni kazi ya lenzi pana peke yake. Iten huonyesha vingine. Kwa lenzi pana, milima ya Tugen huwa mstari mwembamba mbali kabisa, na mtu anayetazama picha nyumbani hushangaa ile milima mikubwa imekwenda wapi. Lenzi ndefu huichagua sehemu moja ya mbali na kuijaza kwenye picha: safu tatu za milima zikionekana kama zimebanana, moshi wa shamba, mabati ya nyumba moja yakimetameta.

Kinachoamua zaidi hapo ni saa. Ukingo wa Iten unatazama mashariki. Asubuhi jua humpiga mpiga picha usoni, na bonde huwa na utusitusi. Jioni jua likiwa nyuma yake, kivuli cha ukingo hutangulia kufunika bonde huku milima ya ng'ambo ikiendelea kuwaka. Hiyo ndiyo saa ya kutoa lenzi ndefu.

Siku zenye upepo mzuri huonekana pia warukaji wa miavuli wakielea juu ya Kerio. Hapo michezo na mandhari huingia katika picha moja.

Mwanga na mwendo

Wanariadha hutoka alfajiri, wengine kabla jua halijachomoza. Alhamisi asubuhi kundi kubwa hukutana kwenye barabara za udongo mwekundu kwa mazoezi ya kubadilisha kasi, dakika kadhaa mbio kali, kisha polepole. Anayekimbia kilomita 20 kwa saa husonga karibu sentimita 9 katika moja ya sitini ya sekunde, na picha hutoka imefifia. Katika moja ya elfu moja ya sekunde husonga nusu sentimita tu. Kwa michezo, kasi ya shata isishuke chini ya moja ya mia tano, na moja ya elfu moja ni bora.

Kidhibiti cha mtikisiko, kinachoandikwa IS, VR au OSS kutegemea kampuni, hutuliza mkono wa mpiga picha. Hakimtulizi anayekimbia.

Hapa ndipo muuzaji hutaja lenzi ya 70 hadi 200 yenye f/2.8. Ni kweli kwamba f/2.8 huingiza mwanga mara nne ya f/5.6, na alfajiri tofauti hiyo huonekana. Lakini lenzi hiyo kwa kawaida ina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na bei yake ni mara kadhaa ya ile nyepesi. Siku ya michezo ya shule hufanyika mchana kweupe, na mwanga huo unatosha f/5.6. Kulipulipu la alfajiri linaweza kusubiriwa: jua likipanda kidogo, wanariadha bado wako barabarani.

Anayepaswa kufikiri vingine ni mzazi ambaye mtoto wake hucheza ndani ya ukumbi, kama vile mpira wa vikapu, taekwondo au sarakasi. Huko mwanga ni hafifu na umbali ni mfupi. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa zile za bei nafuu kabisa, itamfaa kuliko ndefu yoyote ya bei ya kati.

Kabla ya kulipa

Jaribio la bure ni kufungua picha mia za mwisho na kutazama zilipigwa kwa milimita ngapi. Kamera huhifadhi taarifa hiyo. Zikiwa nyingi ziko kwenye 55, mzazi anahitaji lenzi ndefu. Zikiwa nyingi ziko kwenye 18, na mara zote amekuwa akirudi nyuma akitafuta nafasi, basi pana ya milimita 10 hadi 18 ndiyo yake.

Lenzi iliyotumika inaweza kuwa nafuu nzuri. Ishikiliwe mbele ya taa ili kuona kama kuna nyuzinyuzi za kuvu ndani ya vioo, jambo la kawaida kwa lenzi zilizokaa sehemu zenye unyevu kama Pwani. Ifungwe kwenye kamera yenyewe na ijaribiwe. Kwa kamera za Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000, lenzi lazima iwe na mota yake ndani, kwa mfano zenye alama ya AF-S. La sivyo haitalenga yenyewe.

Vumbi la Iten huingia popote. Lenzi ibadilishwe ndani ya gari, kamera ikitazama chini, si kando ya barabara kundi likipita.

Afya na usalama

Katika kimo cha Iten shinikizo la hewa ni karibu robo tatu ya lile la Mombasa. Mgeni aliyetoka Pwani jana atahema akipanda kilima, na mikono inayohema hutikisa lenzi ndefu. Apumzike kwanza, atoe pumzi, ndipo abonyeze. Miale ya jua nayo ni mikali zaidi huku juu hata kukiwa na baridi, hivyo watoto wavae kofia.

Jua lisitazamwe kamwe kupitia kitundu cha kamera yenye lenzi ndefu. Vioo hukusanya miale na vinaweza kuunguza retina kwa muda mfupi sana, bila maumivu ya kumtahadharisha mtu. Onyo hili ni muhimu zaidi kwa watoto wanaoomba kushika kamera asubuhi, jua likiwa limechomoza juu ya bonde.

Kisha kuna ukingo wenyewe. Jicho likiwa kwenye kamera halioni mguu, wala halimwoni mtoto wa miaka minne anayefuata kipepeo. Familia inayopiga picha juu ya Kerio inahitaji mtu mzima wa pili ambaye kazi yake ni moja tu: kuwashika watoto mkono.

Wanariadha wako kazini, kwa hiyo kocha au mkimbiaji aombwe ruhusa kabla ya mazoezi kuanza. Picha za watoto wa watu wengine zisisambazwe pamoja na jina na shule yao.

Mbio za mtoto wa shule za mita 100 huisha kwa muda usiofika nusu dakika, na mwakani atakuwa na miguu mirefu zaidi na meno mapya. Lenzi ya gramu 375 iliyomo begini siku hiyo itampata. Ile ya ndoto, ambayo familia bado inaichangia, haitampata.