Elfi wa damu na jina la dada yangu

Kijana wetu ana miaka 14, na kwa miezi kadhaa sasa yeye ni elfi. Aliponiambia mara ya kwanza nilisikia "elfu", nikamuuliza elfu ngapi, nikijua ndiyo mwanzo wa kuombwa hela ya bando. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Si hela, mama mdogo. Elfi. Ni kabila."

Mzazi mwenzangu mwenye kijana wa umri huo atanielewa nikisema kicheko kile kilinipa raha kuliko chochote wiki ile. Mama yake, dada yangu mkubwa, alifariki miaka mitatu iliyopita. Tangu ahamie kwetu ni mtoto mtiifu. Anaosha vyombo, anasalimia wageni, na hasemi kitu. Ukimuuliza siku imekwendaje, jibu ni "nzuri". Jina la mama yake halikuwahi kutoka mdomoni mwake mbele yetu. Kwa hiyo alipoketi jikoni kunieleza habari za kabila la elfi bila kupumzika, nilizima jiko nikavuta kiti.

Gemu yenyewe inaitwa World of Warcraft. Ilitolewa mwaka 2004 na kampuni ya Blizzard ya California, na inachezwa kwa intaneti tu: dunia moja kubwa yenye misitu, miji na vita, ambamo maelfu ya watu wanaingia kwa wakati mmoja, kila mmoja na mhusika wake. Kabla ya kuanza unachagua kabila. Kuna binadamu, kuna majitu, kuna watu wafupi wenye ndevu, na kuna hawa elfi, warefu, wenye masikio yaliyochongoka. Elfi wametoka katika hadithi za kale za Ulaya ya kaskazini. Aliyewapa sura hii ya watu wa kifahari wanaoishi miaka isiyohesabika ni zaidi J.R.R. Tolkien, mwandishi wa Uingereza ambaye, nilifurahi kugundua, alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini.

Sasa asili yao, kama nilivyoelezwa na kijana, na kama nilivyokwenda kusoma mwenyewe baadaye usiku.

Elfi wa kwanza ni elfi wa usiku. Wanajiita kaldorei, yaani watoto wa nyota. Jina kubwa hilo. Lakini kabla ya kuwa watoto wa nyota walikuwa watroli, watu wa mapangoni wenye meno marefu. Kundi moja la watroli hao lilihama likakuta ziwa lililojaa nguvu, Kisima cha Milele, wakajenga kando yake. Kizazi baada ya kizazi maji yale yakawabadilisha: wakarefuka, wakawa na akili kali, wakaanza kumwabudu mungu wa mwezi. Kisha wakasahau walikotoka, au wakajifanya wamesahau. Kwa miaka mingi katika gemu habari hiyo ilikuwa maneno ya watroli tu, na elfi hawakutaka kuisikia. Mwaka 2016 kampuni ilichapisha kitabu cha historia ya dunia ile, kikaandika waziwazi kwamba watroli walikuwa wakisema kweli.

Hapo nilimsimamisha nikamwomba anionyeshe mtroli. Akanionyesha. Anazungumza Kiingereza chenye lafudhi ya visiwa vya Caribbean, amevaa vinyago, ana matambiko na mizimu. Nikamwambia, "Kwa hiyo wanaoonewa aibu ndio wanaofanana na sisi." Akanitazama kidogo. "Ndiyo maana elfi wanakataa, mama mdogo." Sikutegemea jibu hilo kutoka kwa mtoto wa kidato cha pili. Na bado nasema waliobuni gemu wangeweza kuchagua lafudhi nyingine.

Turudi kisimani. Elfi walipata malkia, Azshara, na malkia akawa na watu wake wa ikulu waliojiona bora kuliko wengine. Walichezea nguvu za kisima mpaka zikavuta mashetani kutoka nje ya dunia. Nilisikia "mashetani" na "uchawi" katika sentensi moja nikakaa sawa, lakini gemu haiwasifii hata kidogo. Kisima kililipuka, bara moja likavunjika vipande vipande, bahari ikaingia katikati. Hayo yalitokea miaka 10,000 kabla ya muda ambao gemu inachezwa. Walionusurika wakapiga marufuku uchawi wa aina ile, adhabu yake kifo.

Baadhi ya watu wa ikulu hawakuweza kuacha, hivyo wakafukuzwa. Wakapanda majahazi wakaelekea mashariki, mkuu wao Dath'Remar akiwa ameficha chupa ndogo ya maji ya kisima cha zamani. Huko ng'ambo wakabadilika tena. Wakawa wafupi kuliko ndugu zao, ngozi ya zambarau ikapauka, na uzima wa milele ukawatoka. Waliamimina ile chupa, wakapata Kisima cha Jua, na kuzunguka kisima hicho wakajenga nchi, Quel'Thalas. Ardhi ile ilikuwa na wenyewe: watroli. Wakapigana nao kwa karne nyingi, damu moja pande zote mbili, na hakuna aliyesema.

Halafu ndipo kijana alipopunguza sauti.

Akaja mwana wa mfalme aliyeharibika, Arthas, na jeshi la wafu. Aliipasua nchi kutoka mpakani mpaka kisimani, akaua karibu elfi 9 katika kila 10, akakichafua Kisima cha Jua ili amfufue mchawi wake. Waliobaki ilibidi wakibomoe kisima chao wenyewe kisije kikawaua. Mwana wa mfalme wao, Kael'thas, akakusanya waliosalia akawaambia kuanzia leo jina letu ni sin'dorei, watoto wa damu, kwa heshima ya waliokufa.

Nilitaka kuona. Akafungua kompyuta, na mhusika wake akatokea: mwanamke mweusi, mrefu, nywele zimesukwa nyuma. Zamani elfi wa damu wote walikuwa weupe. Mwaka 2020 ndipo gemu iliongeza rangi nyingine za ngozi, naye akachagua ya kwake. Akampeleka mpaka kwenye msitu wa dhahabu, mzuri kweli, majani kama ya picha ya kalenda. Kisha msitu ukakatika. Mbele yetu kulikuwa na njia nyeusi, pana, hakuna jani wala nyasi, inapita katikati ya mji na kuugawa. "Hapa ndipo jeshi la wafu lilipopita," akasema. "Mpaka leo hakioti kitu."

Nami nilikuwa nimeshasoma jina juu ya kichwa cha yule mwanamke. Kila mhusika hubeba jina aliloandika mchezaji, herufi zisizozidi 12. Yeye aliandika jina la utani la dada yangu, lile ambalo ni watu wa nyumbani tu tuliomwita. Sikusema kitu. Nilimwomba anipitishe tena msituni.

Kuna sehemu moja ya hadithi hii ambayo ningependa kila mzazi aijue, hata asiyeruhusu gemu nyumbani. Kisima kilipovunjwa, elfi wa damu walipata arosto. Situmii neno hilo kwa utani. Walikuwa wameishi karne nyingi wakinywa nguvu ile bila kujua kwamba wamekuwa mateja, na ilipokatika wakaanza kutetemeka na kuugua. Wengine wakafundishwa kunyonya uchawi popote ulipo, hata wa mashetani, na macho yao yakageuka kijani. Waliozidisha wakawa viumbe waliokauka, hawana akili, wanazurura magofuni wakitafuta cha kunyonya. Kael'thas mwenyewe aliishia vibaya kwa njia hiyo. Kisima kikawashwa tena katika hadithi ya mwaka 2008, safari hii kwa nuru, na gemu baadaye ikaruhusu elfi wa damu wenye macho ya dhahabu.

Kijana ananieleza arosto ya elfi huku ni saa tatu kasoro usiku na yeye mwenyewe anaomba dakika kumi zaidi. Nilimwonyesha. Alitabasamu, akazima saa tatu na nusu. Mjue tu, gemu ya namna hii haina kitufe cha kusimamisha, maana wenzake wanne wako pangoni wanamtegemea, na ukichomoa waya ghafla unawaangusha wote. Ni afadhali mpatane muda kabla hajaingia. Alama ya umri ya Ulaya ni miaka 12 na Marekani wameiweka kundi la vijana wa miaka 13 na zaidi. Kuna mipangilio ya wazazi ya kuweka kikomo cha saa na kuzima mazungumzo ya sauti, ambayo kwetu tumeyazima. Mpaka ngazi ya 20 hailipishwi. Zaidi ya hapo Marekani ni dola 14.99 kwa mwezi, na huo ni mjadala mwingine.

Basi likaja suala la majina. Kidato cha pili majina huhakikiwa kabla ya usajili wa mtihani. Kijana wetu anatumia jina la babu yake, baba wa mama, kwa sababu baba yake hatukuwahi kumwona. Mume wangu, kwa nia njema kabisa, alipendekeza achukue jina letu. Alikuwa amechoka kusikia mtoto akiulizwa kwa nini jina lake si la nyumba anayoishi. Alilisema mezani kwa furaha, kama mtu anayetoa zawadi, na ni zawadi kweli.

Kijana alisema "asante, baba mdogo", akaenda kulala. Siku mbili tukarudi kwenye "nzuri".

Siku ya tatu alimfuata mume wangu barazani. Mimi nilikuwa dirishani nikipanga nguo, na sikujisogeza.

"Baba mdogo, unajua kwa nini wanaitwa elfi wa damu?"

Mume wangu hajui elfi wala elfu. Akasema hapana. Kijana akamsimulia yote, kisima, majahazi, Arthas, ile njia nyeusi. Akamalizia kwa maneno niliyoyaandika usiku ule ule nisiyapoteze: "Walibadili jina ili wasiwasahau. Mimi nikibadili, mama anabaki wapi?"

Kimya kikawa kirefu. Kisha mume wangu akauliza, "Sasa wewe unataka nini?" Alitaka jina la mama yake liwe la katikati. Mume wangu akamkumbusha kwamba nafasi hiyo kwetu huwa ya baba, na kwamba mvulana mwenye jina la kike katikati atachekwa bwenini akifika kidato cha tano. "Wacheke," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini, akaanza kumweleza baba yake mdogo jinsi mama yake alivyokuwa anakaanga vitumbua akiimba vibaya. Dada yangu kweli aliimba vibaya. Hapo niliacha nguo.

Fomu ilirudi shuleni na majina yale yale ya cheti cha kuzaliwa. Kuongeza jina kunataka hati ya kisheria, na aliyekwenda kuulizia gharama kwa mwanasheria ni mume wangu, bila kuambiwa na mtu.

Likizo tulikwenda kijijini kwa mama yangu. Kijana alibeba daftari. Akaketi na bibi yake uani, akamuuliza sisi tumetoka wapi, na bibi akaanza kuhesabu: baba yake, baba wa baba yake, wa nne, wa tano. Mjomba wangu alikuwa anasikiliza kwa kuridhika, maana ukoo wetu ni wa mlimani na yeye hupenda sana hilo lijulikane. Wale wa bondeni tumewatania tangu utotoni, kwamba wanakula panya na hawajui kulima. Bibi akafika kwa wa sita, akanyamaza, akatafuna tumbaku yake.

"Huyu alitoka bondeni," akasema. "Alikuja na njaa, mguu mmoja mbovu. Alipewa shamba huku akaoa."

Mjomba akakohoa. Akasema mama amezeeka, anachanganya watu.

Kijana hakuinua kichwa. Alikuwa anaandika, na mabega yake yakitikisika kwa kicheko.