Barabara Moja, Kutoka Jikoni kwa Mama Hadi Chuo Kikuu

MSOMAJI mpenzi, ukitajiwa Mwitaliano huenda mawazo yako yakakimbilia Malindi: mahoteli ya ufuoni, miwani ya jua na pesa za kutumia. Iweke kando picha hiyo kwa muda. Miaka mia moja na ushei iliyopita, Mwitaliano aliyezoeleka bandarini New York alikuwa mkulima maskini aliyebeba furushi begani. Kati ya 1880 na 1924, Waitaliano zaidi ya milioni 4 walivuka bahari kwenda Marekani, wengi wao kutoka kusini mwa nchi yao: Sicilia, Calabria na Basilicata, ambako umaskini uliwakaba koo.

Leo nitakutembeza katika barabara moja tu ya New York, nayo ni Barabara ya 116. Haina minara ya kutisha wala mataa ya sinema. Nimeichagua kwa ajili yako kijana unayesubiri kujiunga na chuo, na kwa ajili ya baba na mama wanaokuhangaikia karo. Upande wake wa mashariki ulikuwa mtaa wa wahamiaji Waitaliano. Upande wake wa magharibi lipo lango la Chuo Kikuu cha Columbia. Baina ya ncha hizo mbili ni kama kilomita 3. Lakini kuna watoto waliotozwa bei ghali kuzipita.

Chukua treni nambari 6 ya chini ya ardhi, ushuke katika kituo cha 116th Street, kisha geuka kuelekea mto uitwao East River. Maandishi madukani ni ya Kihispania, na wauzaji wengi ni watu wa Mexico na Puerto Rico. Huu ndio mtaa wa East Harlem, ambao hadi miaka ya 1930 ulikuwa miongoni mwa makao makubwa kabisa ya Waitaliano nchini Marekani. Familia zilibanana katika majumba ya kupanga ya orofa tano, na watu wa kijiji kimoja wakikaa pamoja kama walivyokaa kwao. Athari zao bado zipo. Katika Barabara ya 115 limesimama kanisa la Our Lady of Mount Carmel, ambalo sikukuu yake ya Julai 16 husherehekewa hadi leo. Karibu na hapo, mkahawa wa Rao's umekuwapo tangu 1896.

Jina linaloruka barua moja

Mwaka huohuo wa 1896 ndipo mvulana Leonardo Coviello, mzaliwa wa 1887 katika mji wa Avigliano, Basilicata, alipofika hapa na mama yake na ndugu zake kumfuata baba aliyetangulia. Alipelekwa katika shule ya kutoa msaada ambayo Waitaliano waliipachika jina la "shule ya supu," kwa sababu watoto walipewa supu mchana. Siku moja mwalimu aliwapa watoto mifuko ya oti wapeleke nyumbani. Baba alipoitazama nafaka ile alighadhabika. Kwao hicho kilikuwa chakula cha mifugo!

Kubwa zaidi lilikuwa la jina. Cheti cha maendeleo kililetwa nyumbani kimeandikwa "Covello." Mwalimu alikuwa ameondoa barua moja ili jina litamkike kwa wepesi. Baba alihamaki, mama akasikitika. Kijana alijaribu kuwaeleza kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa vyema Marekani, na kwamba wao hawakuelewa. Naam, hapo ndipo penye kidonda. Baadaye, katika kitabu chake cha maisha, The Heart Is the Teacher, kilichotoka 1958, Covello alieleza jinsi yeye na wenzake walivyojifunza kuwaonea haya wazazi wao, wakitamani mama asije shuleni asije akasikika akisema Kiitaliano.

Msomaji, usicheke. Tunao miongoni mwetu waliovishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama, na leo tunao wanaojibu "sijui" wakiamkiwa na nyanya yao.

Alfajiri Covello alisambaza mikate kabla ya kwenda darasani. Akiwa shule ya sekondari aliacha masomo akafanye kazi, kisha akarudi. Hatimaye alipata msaada wa masomo akaingia Columbia, na akahitimu 1911. Laiti ungemuuliza ndugu huyu aliyependa lugha tangu utotoni alisomea nini: alibobea katika Kifaransa! Kiitaliano cha nyumbani kilikuwa hakijapata heshima darasani.

Hilo ndilo aliloamua kulibadilisha. Akiwa mwalimu wa shule ya DeWitt Clinton alianzisha chama cha Kiitaliano cha wanafunzi, akazunguka nyumba hadi nyumba kuwashawishi wazazi, na 1922 Bodi ya Elimu ya jiji ikakubali Kiitaliano kisomeshwe kwa hadhi sawa na lugha nyingine za Ulaya.

Sasa endelea mbele hadi Pleasant Avenue, karibu kabisa na mto. Jengo kubwa la matofali unaloliona lilikuwa Benjamin Franklin High School. Shule hiyo ilianzishwa 1934 na mwalimu mkuu wake wa kwanza alikuwa Covello; ilihamia jengo hili 1942. Mzazi aliyezungumza Kiitaliano alijibiwa kwa Kiitaliano, na jioni watu wazima walikuja kusoma. Watoto wa Puerto Rico walipoanza kumiminika, nao walipokewa vivyo hivyo. Covello alistaafu 1956. Tangu 1982 jengo hilo ni shule ya sayansi na hisabati.

Geuka sasa uelekee magharibi. Chini ya reli ya Park Avenue utalikuta soko liitwalo La Marqueta, lililofunguliwa 1936 na Meya Fiorello La Guardia ili wachuuzi wa mikokoteni wapate mahali pa kuuzia. Huyu naye alikuwa na baba Mwitaliano. Kati ya 1907 na 1910 alikuwa mkalimani katika kisiwa cha Ellis, wahamiaji walikokaguliwa, huku usiku akisomea sheria. Lugha alizozijua kwa sababu ya nyumbani na safari ndizo zilizomlipia mkate.

Vuka Fifth Avenue, nawe utasikia Kiwolofu na Kifaransa. Hapa ndipo panapoitwa Little Senegal. Kina mama wa Afrika Magharibi wamevaa vitambaa vya kwetu, na watoto wao wanawajibu kwa Kiingereza. Waliobadilika ni watu tu. Swali la mtaa ni lilelile.

Ngazi za mwisho

Mbele yako ni bustani ya Morningside, nayo imo kwenye mteremko wa mawe. Panda ngazi zake polepole, kwani ni nyingi na zinatoa jasho. Juu ndiyo Columbia. Karibu, katika Amsterdam Avenue, lipo jengo la Casa Italiana, lililofunguliwa 1927. Wanafunzi wenye asili ya Kiitaliano walilililia, na ndugu wa jamaa ya Paterno, wajenzi mashuhuri wa mji, wakasaidia kulisimamisha. Lugha iliyofichwa jikoni sasa ilikuwa na nyumba yake chuoni.

Basi, kijana, siku utakapoandika barua ya kuomba nafasi, ukaulizwa wewe ni nani, unapenda nini na unataka kufika wapi, usianze na yale unayodhani wakubwa wanataka kuyasikia. Anza na kwenu. Taja lugha unazozijua, hata ile ya nyanya. Taja kazi ya mikono ya baba na biashara ya mama. Kisha ndipo useme unakokwenda.

Nawe mzazi, mwanao akianza kuona haya jina lako, usimkaripie ukaishia hapo. Keti naye, umsimulie mlikotoka. Wahenga hawakukosea waliposema mwacha mila ni mtumwa, na hakuna chuo kinachotoa shahada ya kumkomboa mtumwa wa namna hiyo.