Rutshuru: beseni za wadudu wekundu na watoto wa kambale

RUTSHURU – Nyuma ya nyumba moja ya mbao pale Kiwanja, kilomita kama 70 kaskazini mwa Goma, chini ya mti wa avoka, kuna beseni tatu ambazo majirani wamezicheka tangu siku ya kwanza. Maji yake ni ya kijani na yananuka kidogo. Ukiinama unaona vitu vidogo kama punje za chumvi vinarukaruka ndani.

«Wananiuliza kama nafuga malaria,» anasema mwenye beseni, kijana wa miaka 26 ambaye ameomba jina lake lisiandikwe.

Si malaria. Ni viroboto wa maji, wadudu wa ukoo mmoja na kaa na kamba, hawaumi mtu. Wazungu wenye kufuga samaki wa mapambo ndani ya sanduku za vioo wanawalea ili samaki wao wale chakula chenye uhai. Kiwanja hakuna mtu wa kununua samaki wa kutazama. Kijana huyu anatotoa kambale, anauza watoto wake kwa wenye mabwawa, na wale watoto ndio wanaomsumbua usingizi.

Mtoto wa kambale akitoka kwenye yai anaishi siku mbili au tatu kwa akiba aliyokuja nayo tumboni. Ile ikiisha anataka kula, tena anataka kitu kinachotembea. Ukimtupia unga, mwingi unazama na kuoza. Akikosa, anamgeukia ndugu yake. Asubuhi unakuta mmoja ana mkia wa mwenzake mdomoni.

Wenye pesa wananunua kopo la mayai ya artemia, mdudu wa maji ya chumvi ambaye mayai yake yanavunwa mbali, hata kule Marekani kwenye ziwa kubwa la chumvi la Utah. Kopo ni ghali hata kabla ya kupanda gari. Na tangu M23 iingie Rutshuru-centre na Kiwanja mwishoni mwa mwezi wa 10 mwaka 2022, kila kitu kinachopita barabarani kinaongezeka bei njiani. Kundi lake la kwanza la watoto wa kambale lilikufa kwa njaa, karibu lote.

Ndipo akakumbuka dimbwi la nyuma ya banda la ng'ombe la shangazi yake, ambalo maji yake yanakuwa mekundu kiangazi. Wekundu ule ni wadudu wenyewe: hewa ikipunguka majini, damu yao inakuwa nyekundu ili ikamate ile kidogo iliyobaki. Alichota kikombe kimoja. Akaweka mavi ya kuku ndani ya mfuko, akauning'iniza kwenye beseni, akangoja maji yageuke kijani, ndipo akamwaga kikombe chake. Wakishiba, majike wanazaa bila dume, na mtoto anaanza kuzaa naye kisha siku chache tu. Juma la pili beseni lilikuwa limejaa.

Wavuvi wa Vitshumbi hawangeshangaa. Wao wanajua tangu zamani kwamba mavi ya kiboko ndiyo yanalisha Ziwa Edward: yanaotesha ukijani, ukijani unalisha wadudu, wadudu wanalisha samaki. Katika miaka ya 1970 viboko wa Mbuga ya Virunga walihesabiwa karibu 29,000. Mwaka 2005 walikuwa hawafiki 1,000, na ziwa lilisikia. Hata sambaza wa Ziwa Kivu, ambaye Goma inamla kila siku, aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa sababu wadudu wa namna hii walikuwa katikati ya ziwa bila samaki wa kuwala.

Kundi la pili liliuawa na chandarua. Alitaka kitambaa chepesi cha kuchujia, akakata kipande cha chandarua kipya cha kuzuia mbu, akachota nacho jioni. Asubuhi beseni zote tatu zilikuwa kimya, punje nyeupe zimelala chini. Dawa ile inayoua mbu inaua pia viroboto wa maji, hata ikiwa kidogo sana. Watoto wa kambale waliofuata hawakupata kitu. Hiyo ndiyo hasara iliyouma zaidi, kwani jike la kambale alikuwa amelinunua kwa pesa za egzetati ya mdogo wake.

«Yaya, usinidanganye tena na samaki,» mdogo wake alimwambia. Siku nyingi hawakusemezana.

Sasa anachuja na kipande cha kitenge kilichochakaa. Maji ya bomba yenye dawa ya kuzuia kolera hayatumii mpaka yalale siku mbili nje, maana nayo yanaua. Anachota robo ya beseni kwa siku, haongezi, na juu anafunika wavu usio na dawa ili mbu wasitagie humo, jambo ambalo limewatuliza majirani. Kundi la tatu limefika urefu wa kidole. Mnunuzi mmoja wa Rubare alikuja na bidoni mbili akalipa nusu, nusu ingine ni ahadi. Pesa za egzetati zimerudi, si zote.

Beseni hazibebeki siku ya kukimbia, naye amekwisha kukimbia mara mbili. Lakini wadudu hawa wakiona njaa au baridi wanataga mayai magumu yanayokauka bila kufa, na ukiyarudisha majini yanaamka. Basi amekausha kijiko cha matope ya chini ya beseni, akakifunga ndani ya karatasi ya daftari, akakiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi za uchaguzi za nyumba nzima.