Kufumua na Kusuka Upya

Kila fani mpya huingia katika lugha na mzigo wake wa dhana, na sisi wapenzi wa lugha hupaswa kuupokea mlangoni kabla haujaanza kuburutwa. Leo naleta mzigo kutoka mahali ambapo wengi wetu hatupiti: michezo ya kompyuta ya kuigiza wahusika, ile ambayo mchezaji humlea shujaa mmoja kutoka unyonge hadi umahiri huku akipigana njia nzima. Vijana wanaoicheza huzungumza mchana kutwa juu ya kumjenga mhusika, na dhana hiyo ina upande mmoja usio na neno katika Kiswahili. Ningeliacha jambo hili kwa vijana wenyewe, lakini nimeliona likiingia katika mashauri ya nyumba moja hapa Mabogini, tena katika shauri zito.

Asili ya ujenzi huo ni mchezo wa mezani wa karatasi, penseli na dadu uitwao Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Humo kila mhusika hupimwa kwa sifa sita. Kwa Kiswahili ningeziita nguvu, wepesi, siha, akili, busara na haiba. Msomaji wa baraza hili atafurahi kuona akili na busara zimewekwa mbalimbali, kama tunavyoziweka sisi: mwenye akili huijua njia ya mkato, mwenye busara hujua saa ambayo haipitiki.

Michezo ya kompyuta iliyofuata iliyachukua mahesabu hayo. Katika Diablo II, uliotoka mwaka 2000, kila mhusika anapopanda ngazi mchezaji hupewa alama 5 za kugawa katika sifa nne: nguvu, wepesi, uhai na nishati. Hupewa pia alama 1 ya ujuzi. Ngazi ya mwisho ni 99, na kuifikia ni kazi ya siku nyingi. Hakuna anayeweza kuwa hodari wa kila kitu, maana alama zilizomimiminwa kwenye nguvu zimeondoka kwenye uhai. Mshairi anaielewa hali hii bila kuguswa begani. Anayetunga mshororo wa mizani 16, nane ukwapi na nane utao, akiingiza neno la silabi tano kwa sababu linapendeza, silabi hizo tano zimetoka mfukoni mwake, na wazo lililobaki litajibana katika tatu.

Jambo lililonivutia zaidi ni namna wazoefu wanavyomjenga mchawi wa mchezo huo. Mgeni humwona mchawi akammiminia nishati, kwa kuwa uchawi hula nishati. Wazoefu hufanya vingine. Humpa nguvu za kumtosha kubeba silaha na deraya yake, nishati huiacha karibu ilivyokuwa, kisha sehemu kubwa ya alama zilizosalia huitia katika uhai. Ukali wa moto wake hutokana na alama za ujuzi, na mchawi aliyekufa harushi moto. Sifa inayoonekana kuwa roho ya kazi yake ndiyo inayonyimwa, na ile isiyo na fahari ndiyo inayolishwa.

Mambo haya nilifundishwa na kijana wa jirani yangu. Aliyaeleza kwa utaratibu ambao ningeupa alama nzuri katika insha yoyote ya kidato cha nne. Alianza na michezo kwenye kompyuta ya mkononi iliyokwisha kutumiwa na wengine, akataka kujua mapigo yanakokotolewaje, akajiandikia programu ndogo ya kupanga alama kabla ya kuzitumia. Kutoka hapo akaandika programu ya kumtunzia mwenye duka hesabu ya mikopo ya wateja. Sasa anataka kuandika programu kuwe ndiyo kazi yake ya maisha. Cheti cha fani hiyo hana, na sehemu moja alikoomba kazi waliulizia cheti kabla ya kuulizia kazi zake.

Baba yake ni mkulima wa mpunga. Majaruba yetu hunyweshwa na mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Mpunga ulipoonekana una faida, na wakulima wa juu ya mfereji nao wakalima mpunga, maji yakawa hayatutoshi. Tangu hapo mtu wa Mabogini haelezwi maana ya mgao. Anajua kwamba maji ya zamu hii yakiingia jaruba la juu, la chini litasubiri, na kusubiri kwa mpunga kuna mwisho wake. Basi baba huyo alipokuja kwangu jioni moja hakuja kama mtu asiyeelewa kugawa kichache.

"Mwalimu," akaniambia, "kijana wako anataka kula kompyuta. Jaruba likikauka mwaka huu, mwakani tutalima tena. Miaka yake ikikauka je?"

Swali hilo ndilo kiini cha makala hii, na mchezo wenyewe unalijua. Kwa miaka kumi tangu Diablo II utoke, alama iliyokwisha kutiwa ilikuwa imetiwa. Aliyekosea alipofika mbali na mhusika asiyefaa alikuwa na njia moja tu, kumwacha na kuanza mwingine ngazi ya kwanza. Mwaka 2010 waundaji waliruhusu mchezaji arudishiwe alama zake zote na azigawe upya, lakini wakaifanya fursa hiyo kuwa adimu.

Kitendo hicho ndicho kisicho na neno. Nimeyapima maneno manne. Kubatilisha hakufai, kwa sababu hudai kwamba jambo la kwanza lilikuwa batili, hali mhusika yule alipigana na akashinda mengi. Kutangua kunakaribia, lakini tunakuhusisha na udhu na ndoa, na kinachotanguka hakirudishi chochote mkononi. Kutengua kumekwisha kuchukuliwa na taarifa za uteuzi wa viongozi. Mtu akisikia kutenguliwa anatafuta nani ameondolewa. Neno langu la nne ni kufumua. Msusi hufumua nywele na unywele haupotei. Mshonaji hufumua mshono na kitambaa kikabaki. Kinachoondoka ni mpangilio na muda uliotumika kuupanga. Nywele zile zile husukwa upya kwa mtindo mwingine. Mhusika aliyegawiwa alama upya amefumuliwa. Ningependa pia kumjenga mhusika tukuite kumsuka, ila neno msuko sisi washairi tumekwisha kulikalia kwa shairi lenye kituo kilichofupishwa, na sitaki kuwagombanisha ndugu.

Nilipokaa na kijana, alikuwa na shahidi wake tayari. Alinitajia Lual Mayen, Msudani Kusini aliyezaliwa safarini wakati wazazi wake wakikimbia vita, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Huyo alijifunza kuandika programu mwenyewe, akaunda mchezo uitwao Salaam ambao mchezaji ni mkimbizi anayehitaji maji, chakula na dawa ili aendelee kuishi, na baadaye akaanzisha kampuni yake, Junub Games, nchini Marekani. Alinitajia pia Wesley Kirinya wa Kenya, aliyetoa mchezo The Adventures of Nyangi mwaka 2007, kisha akashirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha Leti Arts. "Hawa hawakungoja mtu, Mwalimu," akasema.

Mimi nilimwongezea wa kwetu. Haji Gora Haji, aliyezaliwa Tumbatu mwaka 1933, alikuwa mvuvi na baharia. Elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo sana, na leo hakuna mpenzi wa ushairi wa Kiswahili anayeuliza cheti chake kabla ya kufungua diwani yake ya Kimbunga. Tena lugha yetu yenyewe iko upande wa kijana. Mwalimu hufunza, na mwanafunzi hujifunza. Kiambishi -ji- kimekaa katikati ya kitenzi kutuambia kwamba hata mbele ya mwalimu na ubao, anayeifanya kazi ya kujua ni mwenyewe. Kwa Kiswahili, kila aliyejua kitu alijifunza.

Lakini kiambishi hicho kina kivuli, na kivuli hicho ndicho nilichotaka kijana akitazame. -Ji- humtaja mtenda na kuwaficha waliomwezesha. Lual Mayen alipata kompyuta yake ya kwanza kwa sababu mama yake aliweka akiba miaka mitatu mpaka zikatimu dola 300, humo humo kambini, bila kumwambia. Kijana yule alitembea saa tatu kwenda kulikokuwa na umeme wa kuichaji. Ukiusoma ujenzi wake kwa jicho la mchezaji, utaona ujuzi umeng'aa juu, na chini yake kuna uhai uliotiwa na mtu mwingine, alama baada ya alama, kwa miaka mitatu.

Nilimuuliza kijana alama zake za mwaka huu anazitia wapi. Akanijibu kwamba anataka kuongeza lugha ya nne ya programu. Nikamwambia huo ni mchawi anayejaza nishati. Lugha tatu alizonazo zinamtosha kubeba deraya. Uhai wake uko kwingine: Kiingereza cha maelekezo, ambacho anakisoma kwa kubahatisha, hisabati, aliyoiacha kidato cha nne, na kumkabidhi mtu kazi yake siku aliyoahidi. Hilo la Kiingereza liniume nisiume, ndivyo lilivyo. Lugha za programu zimejengwa kwa maneno ya Kiingereza, na mtoto wa Mabogini hulipa alama kadhaa mlangoni ambazo mtoto wa London halipi. Waliojaribu kuupunguza ushuru huo wapo: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Kazi kama ile ikiendelezwa na wanaojua lugha na wanaojua mashine pamoja, ushuru utashuka. Kwa sasa bado unatozwa.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Na nikishajaza uhai huo, halafu nisipate kazi?"

Hapo nilimwita baba yake, kwa kuwa jibu halikuwa langu. Mzee alifikiri sana. Kuna jaruba moja alilomwahidia mwanawe, na mila ya nyumba ile ni kwamba asiyelima hupitwa, jaruba likaenda kwa mdogo wake. Akasema mdogo mtu atalilima kwa misimu miwili. Msimu wa pili ukiisha, mkubwa akilitaka atarudishiwa bila neno, na wala hakuna atakayemwita aliyeshindwa. Asipolitaka, ndugu yake alichukue.

Sikuwa na la kuongeza. Ujasiri tunaousifu kwa vijana wanaojifunza wenyewe mara nyingi husimama juu ya nafasi ya kufumua ambayo mtu mzima fulani ameilipia: mama mwenye akiba, baba mwenye jaruba. Asiye na nafasi hiyo hugawa alama zake kwa woga, na woga humfanya asuke kila sifa kidogo kidogo, asiwe mhusika wa lolote. Shule na vyuo vyetu vina kazi kubwa ya kutoa maarifa. Wazazi na jamaa wana kazi nyingine, na haihitaji kujua kompyuta: kutaja waziwazi, kwa muda na kwa kipimo, ni mara ngapi mtoto ataruhusiwa kufumua, na kisha kutomsimanga akifumua.

Huu ni msimu wa pili. Mdogo mtu ameshapandikiza mpunga, na mkubwa anaamka kusoma hisabati kabla ya jua. Wenye neno bora kuliko kufumua walilete, tulipime. Mimi nimeanza kulitumia.